Boti Iliyonipeleka Chuoni

Watu wakiniuliza nilifikaje chuo kikuu nikiwa nimetokea chuo cha ufundi, huwajibu kwa kifupi: kwa boti. Wengi hucheka, wakidhani nazungumzia kuvuka ziwa. Siwafafanulii. Maelezo yake ni marefu, na mimi sipendi kujieleza kwa mtu anayeuliza huku macho yake yako kwenye simu.

Kidato cha nne nilimaliza hapahapa Kigoma na nikapata D mbili, moja ya Kiswahili na nyingine ya Jiografia. Kwa matokeo hayo kidato cha tano hakikuwa na habari na mimi. Mama alinitafutia nafasi chuo cha ufundi, fani ya useremala, kwa sababu ushonaji ulikuwa umejaa. Nasema hivyo leo bila uchungu, lakini siku zile uchungu ulikuwepo. Mtaani kwetu Ujiji, mtoto akienda chuo cha ufundi wazazi husema "yuko chuo", halafu hubadilisha mazungumzo kabla hujauliza ni chuo gani.

Nilikuwa msichana peke yangu katika fani. Wiki ya kwanza walinitania, ya pili wakanizoea, ya tatu wakaanza kuniazima randa yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinolewa. Niligundua jambo ambalo shule haikuwahi kuniambia, kwamba sikuwa mjinga. Nikipewa ubao na mstari, nilijua la kufanya. Nilimaliza ngazi ya kwanza, nikamaliza ya pili, na nilipokuwa ya tatu mwalimu mmoja akatuambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwenye cheti cha ngazi ya tatu anaweza kwenda chuo cha juu. Anaanza astashahada, anapanda stashahada, na akishikilia, anachukua shahada. Mwenzetu mmoja akauliza kama kuna mtu tunayemfahamu aliyewahi kufanya hivyo. Mwalimu akafikiri, akasema kwenye mwongozo ipo.

Kwa sisi tuliokuwa na D mbilimbili kulikuwa na sharti la ziada. Chuo tulichokilenga, ambacho hakina haja ya kutajwa, kilikuwa kinatuma wasaili wake Kigoma mara moja kwa mwaka. Ulitakiwa kwenda na cheti chako pamoja na daftari la fildi, yaani lile daftari la mazoezi kazini, ukae mbele yao na uwaeleze kazi uliyoifanya. Wakiridhika, umeingia. Wasiporidhika, unarudi kutengeneza vitanda. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikuwa naota uhandisi wala nini. Nilichotaka ni mama aulizwe ni chuo gani, na ajibu.

Fildi nilipangiwa Bangwe, ufukweni mwa ziwa, kwa fundi wa boti. Alikuwa mzee wa Ujiji, anayefika kazini kila asubuhi kwa bajaji akiwa na kanzu ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya swala ya adhuhuri. Boti zake zilijulikana. Wavuvi wa dagaa waliziulizia kwa jina lake, na walikuwa tayari kusubiri zamu hata kama jirani yake alikaa bila kazi. Siku ya kwanza nilimsalimia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia marahaba, akanitazama, akatazama barua ya chuo ambayo hakuweza kuisoma, akasema, "Haya, mwanachuo. Shika huo ubao." Jina langu hakuliuliza mpaka mwezi wa pili, na hata alipolijua hakulitumia.

Fundi huyu hakuwa na futi. Alikuwa na kamba nyeusi yenye mafundo, iliyolainika kwa kushikwa. Mwenye kuagiza boti akija, fundi alimuuliza mambo mawili tu: watu wangapi, na wavu gani. Baada ya hapo alilaza mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba boti nzima, akaupima kwa kamba, kisha akaikunja kamba mara tatu. Theluthi ile ndiyo ilikuwa upana wa katikati. Kutoka hapo alikunja na kukunjua, akaweka alama kwa mkaa, akaendelea. Ukimuuliza ni sentimita ngapi, alikutazama kama umemuuliza boti ina mke au haina.

Sasa daftari la fildi lilikuwa na safu nne: kazi iliyofanyika, vifaa, vipimo, sahihi ya msimamizi. Safu ya vipimo ndiyo iliyotutesa wote tuliopangiwa mafundi wa ufukweni. Ungeandika nini? Kamba mara tatu? Mwalimu wa chuo angekurudishia. Kupima mwenyewe kwa futi kulihitaji kumsimamisha mzee kazini, na wewe ni mwanafunzi wa kushika ubao.

Suluhisho lilikuwa bwenini. Kulikuwa na daftari moja kuukuu, la mwanafunzi fulani wa zamani sana, lililokuwa limepitishwa na kugongwa muhuri. Tuliliita Bibi, kwa sababu madaftari yetu yote yalizaliwa humo. Ndani ya Bibi kulikuwa na boti kamili: urefu, kina, upana wa juu, upana wa chini, unene wa mbao. Ukifika jioni unaazima Bibi, unahamisha namba, unabadili tarehe. Walimu waligonga mihuri kwa miaka bila neno. Fundi naye aliweka dole gumba kila Ijumaa, akifuta wino kwenye magunia ya misumari. Nilinakili kwa mwandiko mzuri, na nakiri kwamba nilijivunia ule mwandiko.

Usaili ulifanyika mjini, katika ukumbi wa shule moja, juu ya madawati ya watoto. Msaili wangu alikuwa mama mmoja mhandisi, mtu wa mkoa mwingine, mwenye miwani aliyoisukuma juu kwa kidole cha katikati. Alilifungua daftari langu, akapita kurasa za mwanzo, akafika kwenye boti. Akavuta karatasi nyeupe, akaanza kuchora kwa penseli huku akizisoma namba zangu kwa sauti.

"Upana wa juu, mita moja na ishirini. Upana wa chini, mita moja na tisini. Hii ni boti?"

"Ndiyo, Mama."

Akaigeuza karatasi nione. Pale kwenye karatasi palikuwa na kitu chenye kitako kipana na mdomo mwembamba. Kingefaa kuhifadhia maharage.

"Umewahi kuipanda?"

"Hapana, Mama."

"Mshukuru Mungu." Akasukuma miwani. "Hii ni mara ya nne leo naletewa boti hii hii. Kigoma nzima mna boti moja?"

Mtu mmoja zamani alizigeuza namba mbili, ya juu akaiandika chini, labda akiwa na usingizi, na vizazi vya wanafunzi tukaibeba boti ile isiyoelea, kila mmoja kwa mwandiko wake. Wote tulikuwa tumeshinda miezi mitatu karibu na boti za kweli.

"Sikukatai kwa sababu umenakili," alisema. "Kila mtu ananakili. Nakukataa kwa sababu ulikaa na boti siku zote hizo na hukujua kwamba hii si boti. Mwakani tunarudi. Niletee boti unayoijua."

Nilitoka pale nikiwa nimekasirika. Angenionea ningepata nafuu, lakini hakuwa amenionea. Nilitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Ujiji, na mama aliponiuliza nikamwambia majibu bado. Majibu yale yalikuwa "bado" kwa mwaka mzima.

Nilirudi Bangwe. Chuo kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyenituma, kwa hiyo safari hii nilikuwa kibarua, mshika ubao wa malipo ya siku. Fundi hakuniuliza nilikuwa wapi. "Mwanachuo," alisema, "leta nyundo." Mwaka ule nilijifunza kazi. Nilijifunza kuchagua mbao kwa kuzigonga na kusikiliza, kupinda ubao kwa moto wa taratibu, kuziba mianya kwa pamba mpaka maji yakose pa kuingilia. Nilijifunza pia kwamba mzee yule alikuwa anaongea sana, ila alikuwa haongei na watu asiowajua. Alisimulia habari za boti zake kama watu wanavyosimulia watoto wao: hii iko Burundi, ile mwenyewe alikufa na wanawe wanagombana, ile pale inaharibiwa na dereva asiyejua kuegesha. Mchana tulikula ugali kwa migebuka, samaki wa ziwani tuliowanunua palepale, na akinipa kipande cha mgongo nilijua kazi ya asubuhi ilimpendeza.

Miezi miwili kabla ya wasaili kurudi, boti ya wavuvi wa dagaa ilikuwa imekamilika juu ya magogo, bado haijapakwa rangi. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilimwomba fundi ruhusa ya kuipima. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza siku tatu.

"Pima," alisema. "Boti haioni aibu."

Nilinunua futi mpya na nikapima siku nzima ya Jumapili, kipande baada ya kipande, kila nusu mita ya urefu, kuanzia mkuku kwenda kushoto, halafu mkuku kwenda kulia. Ilipofika katikati ya boti namba zikagoma. Kushoto nilipata namba moja, kulia nyingine, na ya kulia ilizidi kwa sentimita nne. Nikapima tena. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikapima mara ya tatu. Sentimita nne. Boti ya fundi maarufu kuliko wote Bangwe ilikuwa imevimba upande mmoja.

Nilikuwa nimeona kitu hapo kabla. Kila alipoweka kamba upande wa kulia, vidole vyake viwili vilipita fundo kidogo kabla ya kutia alama ya mkaa. Nilidhani mkono unateleza. Na mwaka ule alikuwa ameanza kuisogeza kamba karibu na uso ili aone mafundo. Nikajumlisha mambo hayo mawili na kupata jibu: macho ya mzee yanakwisha.

Ningeweza kumuuliza. Alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipokuwa, ananoa tezo. Lakini ungemwambiaje mzee wa umri wa babu yako, aliyekula nawe mwaka mzima na kukupa kipande cha mgongo, kwamba boti yake imepinda? Kwetu mtu halelewi hivyo. Mkubwa akikosea mbele yako unatazama pembeni, na ukiweza unamsitiri. Ndivyo nilivyofanya. Jioni, mezani kwetu Ujiji, nilichukua namba ya kushoto na ya kulia, nikazijumlisha, nikagawa kwa mbili, na nikachora boti iliyonyooka. Nilijisikia vizuri. Nilijiona nimetenda wema ambao mwenyewe hatajua.

Nilimpelekea mchoro auone. Aliushika kwa mbali, akausogeza karibu, akaugeuza.

"Hii ndiyo boti yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nzuri," alisema, akaweka dole gumba.

Wasaili walirudi. Mama yule yule, miwani ileile. Sijui kama alinikumbuka. Aliukunjua mchoro juu ya dawati, akachukua rula, akaanza kukagua. Mwishowe alimwita mwenzake aliyekuwa meza ya pili.

"Njoo uone. Fundi huyu hatumii futi, anatumia kamba. Tazama kushoto na kulia." Akanigeukia. "Amesoma wapi?"

"Hajasoma, Mama."

"Ana mkono ulionyooka kweli kweli."

"Ndiyo, Mama," nilisema.

Nikapata nafasi. Mama yangu alipigiwa simu na mimi mwenyewe nikiwa bado pale nje ya ukumbi, na alipokata alienda kuwaambia majirani chuo gani bila kuulizwa.

Habari za chuo cha juu nitazisema kwa haraka, maana kila aliyepita anazijua. Wenzangu wengi walikuwa wametoka kidato cha sita, na hesabu walizifanya kama wanavyopumua. Mimi mwaka wa kwanza nililia mara mbili, mara zote kwa sababu ya hesabu. Karakana ndiko nilikolipa kisasi. Kijana aliyenisaidia milinganyo usiku wa mtihani nilimkuta kesho yake anashika msumeno kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Tukabadilishana: yeye namba, mimi mbao. Wengi wa chuo cha ufundi wanaofika huko hupita kwa biashara ya namna hiyo, na wasiopata wa kubadilishana naye hurudi nyumbani kimyakimya. Astashahada nilimaliza katikati ya darasa, stashahada nikamaliza juu kidogo, na shahada nikaichukua nikiwa nimeshazoea kuitwa "fundi" na watu waliodhani wananidharau.

Mchoro wangu ulinitangulia. Mama mhandisi alikuwa ameomba nakala yake ya kufundishia, na nilipofika nikaukuta umebandikwa ukutani katika chumba cha michoro. Kila darasa jipya liliuchora upya kwa zoezi: boti ya asili ya Ziwa Tanganyika. Nilipoajiriwa palepale kuwa mkufunzi nikarithi somo hilo, nami nikawapa wanafunzi wangu boti ile ile, mwaka hadi mwaka, na nikawasahihisha waliokosea milimita mbili. Niliwasimulia pia kuhusu Bibi wa bwenini. Tulicheka sana.

Kisha nikaja likizo Kigoma wakati ziwa limefungwa. Siku hizi serikali hulifunga kwa miezi kadhaa ili samaki wapumzike, na boti zote hupandishwa ufukweni. Nilikwenda Bangwe kutembea tu. Katikati ya boti zile nikaiona moja nikasimama. Niliifahamu kabla ya kuifikia. Ilikuwa mchoro wangu, ulioshuka kutoka ukutani na kuota mbao. Kusema kweli nilifurahi.

Aliyeitengeneza alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima mwenye karakana yake sasa, naye alipita njia ileile ya chuo cha ufundi. Alinisalimia, "Shikamoo, Mwalimu," lakini macho yake hayakutulia. Alikuwa ameniona naifurahia.

"Mwalimu, hiyo boti ina shida," alisema. "Inalala."

"Inalala vipi?"

"Ikikimbia haina neno. Wakivuta wavu, inalala kulia. Wiki mbili kabla ziwa halijafungwa wanne waliingia majini. Walitoka wazima, ila wavu wote uliondoka. Mwenyewe kaipandisha, anasema hataki kuiona. Nimepima tena kila kitu."

Nilichukua futi yake na kupima mwenyewe. Hakuwa amekosea hata milimita. Kushoto na kulia sawasawa. Nikiwa nimeinama pale katikati, futi mkononi, zile namba mbili za Jumapili ile zikanirudia zote mbili, kila moja peke yake. Nilikuwa nimeona mbili na nikaandika moja. Nilikaa chini mchangani na mwanafunzi wangu akadhani nimeshikwa na jua.

Kesho yake nilimleta mzee kwa bajaji. Alikuwa ameacha kazi, na macho yake sasa yalikuwa yamekwisha kwa kweli, kwa hiyo alipima kwa kiganja. Alianzia mbele akapita upande wa kushoto taratibu hadi nyuma, akarudi kwa upande wa kulia. Katikati akasimama. Akarudia pale kwa kiganja mara mbili.

"Huyu aliyeijenga hajui wavu unavutwa wapi," alisema.

Mwanafunzi wangu akatazama chini. Nikasema, "Mzee, yeye hana kosa. Amefuata karatasi. Karatasi ni yangu. Ni ile boti yako niliyoipima."

Aligonga ubao kwa kidole. "Yangu haikuwa hivi. Wavu wa dagaa unalazwa ndani, kushoto. Ukivutwa kutoka majini, watu nane wote wako kulia. Hao nane lazima boti iwape pa kusimama. Naongeza vidole viwili upande wao, tangu nikiwa kijana. Hukuona?"

"Niliona, Mzee."

"Uliona."

"Nilipima mara tatu."

"Na hukuuliza."

Nilimweleza ukweli, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumweleza. Nilimwambia nilidhani macho yake yamechoka, kwamba mkono unateleza, kwamba niliogopa kumvunjia heshima nikainyoosha mwenyewe. Nilipokuwa nasema niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya msaili yeyote.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanijua kama fundi aliyekosea," alisema, "na ukawa unanisalimia."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuishika. Alirudisha kiganja chake kwenye mbao, na mimi nikawa nafikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kama ningeandika namba zote mbili mwaka ule, yule mama angesukuma miwani, angeona boti iliyovimba upande mmoja, na angeniuliza kwa nini. Nisingejua. Angenirudisha kwa mara ya pili, na angekuwa na haki, na mara ya tatu mimi nisingekwenda. Shahada yangu, kazi yangu, ukuta ule wa chumba cha michoro, vyote vilisimama juu ya zile sentimita nne nilizozifuta. Na kumuuliza mzee kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nilimwambia nitarudi chuoni na kuubandua mchoro ule. Nilimwambia nitawaandikia wote waliouchukua, mmoja mmoja. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Pale chuoni," akauliza, "walikupokea kwa boti hii hii?"

"Hii hii, Mzee."

"Basi walikupokea kwa boti yako," alisema. "Yangu hawajaiona."